Istilahi za Mpiga Solo: Kufundisha Jazi kwa Gitaa la Nyuzi za Nailoni

1. Utangulizi

Kila fani ina lugha yake. Seremala ana randa na tezo, mvuvi ana jarife na mshipi, mshairi ana vina na mizani. Mwanafunzi anayeingia katika fani yoyote kati ya hizo hufundishwa maneno sambamba na kazi yenyewe, kwani jina la kitu ndilo mpini wa kukishikia. Fani ya kupiga gitaa bado haijapata bahati hiyo, ijapokuwa imekaa nchini mwetu kwa muda unaokaribia karne nzima. Wapigaji hodari tumekuwa nao tele. Maneno ya kuwafundishia wengine, hata hivyo, ni machache, na hayo machache kila mtu huyatumia apendavyo.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja mahususi, nalo ni jinsi mwanafunzi anavyoweza kujifunza kupiga solo ya jazi kwa gitaa la nyuzi za nailoni, pamoja na istilahi zinazohitajika ili mafunzo hayo yatolewe kwa Kiswahili. Ili maelezo yetu yasielee hewani, tumchukue kijana wa Tingi, katika Mkoa wa Ruvuma. Kata hiyo leo imo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Tumemchagua kijana wa huko kwa makusudi. Kijana wa Dar es Salaam aweza kwenda kwenye ukumbi wa dansi, akasimama karibu na jukwaa na kuyatazama mikono ya mpigaji. Kijana wa Tingi yuko mbali na kumbi hizo. Tuseme anacho gitaa lisilotumia umeme, ambalo wengine huliita gitaa kavu. Ameimba katika kwaya ya kanisa. Tena anayo simu ya mkononi, ambayo humwonyesha wapigaji wa ng'ambo. Mafundisho anayoyaona humo yanatolewa kwa Kiingereza cha mafundi. Vidole anaviona, ila sababu ya vidole kwenda huko viendako haioni. Mwanafunzi wa namna hii huishia kukariri solo moja ya mtu mwingine, na siku akiombwa kupiga ya kwake mwenyewe hukwama. Anacho kipaji, na bidii anayo. Alichokosa ni maneno.

2. Jina "jazi" na maana zake mbili

Kwanza kabisa yatupasa tulisafishe neno lenyewe. Katika Afrika Mashariki jina "jazi" limekuwapo zamani, lakini halikuwa na maana ile ile iliyo nayo Marekani. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Baadaye zikaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na nyinginezo, na mwaka 1964 ikaundwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka 1953, nayo O.K. Jazz mwaka 1956. Katika majina yote hayo "jazi" maana yake ni bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na mara nyingi tarumbeta na saksafoni. Muziki uliopigwa na bendi hizo ulikuwa na undugu mkubwa na rumba ya Kuba, kuliko na ule uliozaliwa New Orleans miongoni mwa Wamarekani Weusi.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika neno "solo". Katika bendi zetu za dansi, "solo" kwanza ni jina la gitaa. Tunalo gitaa la solo, gitaa la rizimu na gitaa la besi, na baadhi ya bendi huongeza gitaa la solo la pili. Mpiga solo, kama alivyokuwa marehemu Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, huwa kazini tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Huwatangulia waimbaji, huwaitikia, kisha huongoza sehemu ya mwisho ambayo Wakongo huiita sebene. Katika jazi ya Marekani, "solo" ni muda anaopewa mpigaji mmoja, awe wa gitaa, wa tarumbeta au wa piano, atunge papo hapo wakati wenzake wakimshikilia wimbo. Muda wake ukiisha humpisha mwingine.

Kijana wetu akiambiwa "piga solo" bila ufafanuzi, atafanya kile alichokisikia katika dansi, yaani atapamba wimbo. Hakuna kosa katika kupamba, bali hicho sicho alichoombwa. Kwa sababu hiyo tunapendekeza neno "solo" libaki na maana yake ya dansi, ambayo wananchi wameizoea kwa miongo mingi. Ule muda wa mpigaji mmoja katika jazi uitwe "zamu". Neno hilo ni letu na linaeleweka bila kufasiriwa. Zaidi ya hayo linabeba adabu ya jambo lenyewe: mwenye zamu hupewa nafasi na wenzake, naye huirudisha.

3. Uzi si waya

Gitaa la nyuzi za nailoni ni chombo cha pekee, na asiyelijua huliharibu. Zamani nyuzi tatu nyembamba za gitaa la aina hii zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo huo ulihitajiwa na matabibu kwa kushonea majeraha, ukawa adimu. Huko New York fundi Albert Augustine akajaribu kutumia nailoni badala yake, na mpigaji mashuhuri wa Hispania, Andrés Segovia, akaikubali. Tangu hapo nyuzi tatu nyembamba zimekuwa za nailoni tupu, nazo ni ndugu wa mshipi anaoutumia mvuvi wa Mbamba Bay au Liuli. Nyuzi tatu nene huwa na kiini cha nyuzinyuzi za nailoni kilichozungushiwa waya mwembamba sana wa madini.

Hapa istilahi si anasa. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa hulivuta gitaa kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyepesi, huvuta kwa kilo 70 hivi. Gitaa la nailoni halikuundwa kustahimili mvuto huo. Likitiwa chuma, shingo hupinda, na kile kibao kilichogandishwa kifuani, ambacho ndicho kinachoshikilia nyuzi, hubanduka. Mnunuzi anayeingia dukani na kusema "nipe nyuzi za gitaa" aweza kupewa za chuma kwa nia njema kabisa, akarudi nyumbani na kukiua chombo chake kwa mkono wake mwenyewe. Yafaa basi tutenganishe: za nailoni ziitwe "nyuzi", za chuma ziitwe "waya". Anayeomba nyuzi apewe nailoni, na anayetaka chuma aombe waya.

Jambo la pili ni majina ya nyuzi hizo. Walimu wengi husema "uzi wa juu" na "uzi wa chini", na hapo mwanafunzi huchanganyikiwa. Ukilipakata gitaa, uzi ulio juu kwa mahali ndio wenye sauti nzito, na ulio chini kwa mahali ndio wenye sauti nyembamba. Tunashauri maneno hayo yaachwe na nyuzi zitajwe kwa namba. Uzi wa 1 uwe ule mwembamba kuliko zote, na uzi wa 6 uwe ule mnene kuliko zote. Kadhalika, "kupanda" na "kushuka" kuhusu shingo la gitaa kufuate sauti wala si mahali. Mkono unaosogea kuelekea kifua cha gitaa unapanda, kwa maana sauti inapanda.

4. Mkono wa kulia: midonoo miwili

Lugha ya magazeti yetu ina vitenzi vitamu vya gitaa: kucharaza, kukung'uta, kuungurumisha. Hivyo ni vitenzi vya sifa, na vinafaa kwa mwandishi anayesimulia dansi la jana. Mwalimu anahitaji vitenzi vinavyosema mkono ufanye nini.

Gitaa la nailoni hupigwa kwa vidole vitupu na kucha. Tunapendekeza tendo la kidole kimoja kuugusa uzi mmoja liitwe "kudonoa", kama afanyavyo kuku anapookota punje moja moja. Na jina la tendo hilo liwe "mdonoo". Kuzipitia nyuzi kadhaa kwa mkupuo mmoja kubaki kuwa "kukung'uta".

Mdonoo uko wa namna mbili. Katika namna ya kwanza kidole hudonoa uzi kisha hutua na kuegemea juu ya uzi unaofuata. Huu ni "mdonoo wa kuegemea", na sauti yake ni nene na yenye nguvu. Katika namna ya pili kidole hudonoa na kupaa hewani bila kugusa uzi mwingine. Huu ni "mdonoo huru", na sauti yake ni nyepesi. Mpigaji mwenye zamu hutumia zaidi mdonoo wa kuegemea, akibadilishana kidole cha shahada na cha kati bila kurudia kimoja mara mbili mfululizo, mithili ya miguu ya mtu atembeaye. Dole gumba hubaki na kazi ya nyuzi nene.

Mbinu ya kutumia vidole vichache kwa ufasaha si ngeni katika ukanda wetu. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, alipata umaarufu kwa kulipiga gitaa kavu akitumia dole gumba na kidole cha shahada, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Huko Marekani, Charlie Byrd, aliyepata kusoma kwa Segovia, aliipeleka nailoni katika jazi. Na santuri yake ya mwaka 1962 pamoja na mpiga saksafoni Stan Getz iliwasikilizisha wengi mchanganyiko wa jazi na samba ya Brazili. Mwanafunzi wetu na ajue kwamba chombo alicho nacho si gitaa la umeme lililopungukiwa. Ni chombo kamili, chenye njia yake.

5. Mkono wa kushoto: mataruma na mapambo

Shingoni mwa gitaa vimelazwa vipande vyembamba vya madini, na kidole hukandamiza uzi nyuma ya kimojawapo ili kubadili sauti. Wengine huviita "freti", na wengine "vizuizi". Neno la kwanza halimwelezi kitu asiyejua Kiingereza. La pili linaeleza kinyume cha ukweli, kwani kipande hicho hakizuii sauti bali huizaa. Sisi tunapendekeza "taruma", wingi wake "mataruma". Neno hilo watu wa vyombo vya majini hulitumia kwa mbao zinazokingama ndani ya mashua kuikaza, na watu wa reli hulitumia kwa magogo yanayobeba vyuma vya njia. Atazamaye shingo la gitaa ataona mfano huo bila kuonyeshwa. Taruma moja ni sawa na nusu ya hatua ya sauti, na mataruma mawili ni hatua nzima.

Nailoni ina hulka yake, na hulka hiyo huamua namna ya kupiga. Sauti yake hufifia mapema kuliko ya waya. Tena, yale mavutano ya kuusukuma uzi kando ili sauti ipande, ambayo wapiga gitaa la umeme huyapenda, kwenye nailoni huzaa matunda machache. Mpigaji wa nailoni hulipa upungufu huo kwa mapambo manne. "Kupachika" ni kukitua kidole cha kushoto kwa nguvu kwenye taruma la mbele ili nota ya pili ilie bila mdonoo mwingine. "Kuchomoa" ni kinyume chake: kidole hutoka kikiukwanyua uzi kidogo, na nota iliyo nyuma hulia. "Kuteleza" ni kukiburura kidole juu ya uzi kutoka taruma moja hadi jingine bila kukiinua. "Kutetemesha" ni kukiyumbisha kidole kilichokandamiza, kuelekea kichwani mwa gitaa na kurudi kuelekea kifuani, mpaka sauti ipate mtetemo. Vitenzi vya kupachika na kuchomoa tumeviteua kwa sababu lugha yenyewe imekwisha kuvifanya jozi, na mwanafunzi akijifunza kimoja hukumbuka cha pili.

6. Kodi, noti na fungu

Hapa ndipo palipo na mkwamo mkubwa kuliko yote. Jazi hupigwa juu ya sauti kadhaa zinazolia pamoja, na mwanafunzi asiyejua mkusanyiko huo unakwenda wapi hawezi kutunga zamu. Jina la Kiingereza la mkusanyiko huo, likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili, huwa "kodi". Kodi kwetu ni mali ya serikali au ya mwenye nyumba. Mwalimu akisema "badilisha kodi", au "kodi ya saba ni tamu", darasa litacheka, na haki ni yao. Vivyo hivyo "noti" ni fedha. Katika hili la pili, hata hivyo, wanakwaya wametuokoa. Wao husema "nota", na neno hilo limekwisha kutulia vinywani mwao. Tulipokee kama lilivyo.

Badala ya "kodi" tunapendekeza "fungu la sauti", au kwa kifupi "fungu". Fungu hupewa jina la nota iliyo msingi wake: fungu la do, fungu la re, fungu la so. Tunatumia majina haya ya kwaya kwa kukusudia. Kijana aliyeimba kanisani anayajua, na anajua jambo jingine lenye thamani kubwa zaidi, nalo ni kwamba do huhama. Mwalimu wa kwaya akipandisha wimbo, do hupanda nao, ila uhusiano wa do na ti, wa fa na mi, haubadiliki. Mtu mwenye maarifa hayo amekwisha kupita nusu ya njia ya kuelekea jazi, ingawa hakuna aliyemwambia.

Tutazame mwendo wa mafungu matatu ambao umeenea mno katika jazi. Huanza na fungu la re, lenye nota re, fa, la, do. Hufuata fungu la so, lenye nota so, ti, re, fa. Humalizikia katika fungu la do, lenye nota do, mi, so, ti. Sasa msomaji na ashike nota mbili tu za fungu la kwanza, yaani do na fa. Tunapoingia fungu la pili, do hushuka nusu hatua na kuwa ti, na fa hubaki mahali pake. Tunapoingia fungu la tatu, fa hushuka nusu hatua na kuwa mi, na ti hubaki. Katika kila badiliko nota moja hukaa na nyingine hushuka kidogo. Nota hizi tunapendekeza ziitwe "nota viongozi", kwa kuwa ndizo zinazomwongoza msikilizaji kutoka fungu moja hadi jingine hata pasipo nota nyingine.

7. Zoezi la kwanza

Maelezo hayo yaweza kuonekana mazito katika karatasi. Mkononi ni mepesi. Gitaa likiwa limelinganishwa kwa kawaida, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kizilalie nyuzi ya 1 na ya 2 katika taruma la kwanza. Uzi wa 2 utatoa do, uzi wa 1 utatoa fa. Dole gumba lidonoe uzi wa 4 ukiwa wazi, nao utatoa re. Hilo ni fungu la re. Kisha uzi wa 2 uachiliwe, uzi wa 1 ubaki umekandamizwa, na dole gumba lidonoe uzi wa 3 ukiwa wazi, ambao ni so. Uzi wa 2 sasa unatoa ti, na hilo ni fungu la so. Mwisho uzi wa 1 nao uachiliwe, utoe mi; kidole cha pete kikandamize uzi wa 5 katika taruma la tatu, utoe do, na dole gumba liudonoe. Hilo ni fungu la do.

Mwanafunzi arudie mwendo huo mpaka aweze kuuimba akiwa shambani bila gitaa. Kisha aongeze jirani mmoja. Badala ya kwenda do hadi ti moja kwa moja, aseme re, do, ti; na badala ya fa hadi mi, aseme so, fa, mi. Baadaye atumie kuchomoa pale ambapo mwanzo alidonoa. Tayari anatunga.

Hatua inayofuata ni kuhama. Kidole cha shahada kizilalie nyuzi ya 1 na ya 2 katika taruma la 5. Kidole cha kati kiwekwe kwenye uzi wa 2 na cha pete kwenye uzi wa 1, vyote katika taruma la 6. Akiinua cha kati, kisha cha pete, atausikia mwendo ule ule ukiwa juu zaidi. Do imehama, bali majina hayakubadilika. Huyu hatakariri tena solo ya mtu. Amepata ufunguo unaofungua milango mingi.

8. Mzunguko, kipimo na mwendo

Mafungu ya wimbo yakianza mwanzo hadi mwisho na kurudi tena, hukamilika "mzunguko" mmoja. Nyimbo nyingi za jazi ya Marekani zina mzunguko wa vipimo 32, uliogawanywa katika sehemu nne za vipimo 8. "Kipimo" ni lile kundi dogo la mapigo, aghalabu manne, linalojirudia. Wako wanaotaka kundi hilo liitwe "mizani", lakini mizani katika ushairi wetu ni hesabu ya silabi, na si vema kumnyang'anya mshairi neno lake.

Mwenye zamu hutunga papo hapo, ila hatungi ovyo. Anafanana na mlumbi katika malumbano ya mashairi: vina na mizani amevikuta, na maneno anayaleta yeye. Mzunguko wa mafungu ndiyo vina na mizani ya mpiga jazi. Ndiyo maana tunapendekeza tendo hilo liitwe "utunzi wa papo hapo", maana ni utunzi kweli kweli, wenye sheria na wenye kuhukumiwa kwa sheria hizo.

Limebaki suala la mwendo. Katika jazi ya kale kila pigo hugawanywa katika sehemu mbili zisizo sawa, ya kwanza ndefu kuliko ya pili, mara nyingi kwa kadiri ya mbili kwa moja. Na wimbo ukienda mbio tofauti hiyo hupungua. Waingereza na Wamarekani huuita mwendo huo kwa neno lile lile la bembea ya watoto. Tukilitafsiri neno kwa neno tutapata mchezo wala si muziki. Tunaona afadhali kusema "mwendo wa ndefu-fupi". Tena haumo mbali na masikio yetu, kwani katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki pigo hugawanyika sehemu tatu. Mwalimu na awaambie wanafunzi wapige makofi matatu sawasawa kwa kila pigo, kisha waliache kofi la pili kimya. Yatakayobaki ni ndefu na fupi. Kijana aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa, akiwatazama wazee wakicheza mganda na akina mama wakicheza kioda, hatashindwa kuuingia mwendo kwa njia ya ngoma, hata kama alishindwa kwa njia ya karatasi.

9. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Fungu: nota tatu au zaidi zinazolia pamoja na kuitwa kwa jina la nota ya msingi.
Kipimo: kundi la mapigo linalojirudia.
Kuchomoa: kuondoa kidole kwa kukwanyua uzi ili nota ya nyuma ilie.
Kudonoa: kuupiga uzi mmoja kwa kidole kimoja.
Kupachika: kutua kidole kwa nguvu ili nota ya mbele ilie.
Kuteleza: kuburura kidole kutoka taruma moja hadi jingine.
Kutetemesha: kuyumbisha kidole ili sauti ipate mtetemo.
Mdonoo huru, mdonoo wa kuegemea: namna mbili za kudonoa.
Mwendo wa ndefu-fupi: mgawanyo wa pigo katika sehemu mbili zisizo sawa.
Mzunguko: mafungu yote ya wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, mara moja.
Nota viongozi: nota mbili za fungu zinazoonyesha njia ya kuelekea fungu linalofuata.
Taruma: kipande cha madini kilichokingama shingoni mwa gitaa.
Utunzi wa papo hapo: kutunga nota wakati wa kupiga, kwa kufuata mzunguko.
Uzi: wa nailoni. Waya: wa chuma.
Zamu: muda wa mpigaji mmoja kutunga wakati wenzake wakimshikilia.

10. Hitimisho

Katika kuteua maneno haya tumefuata utaratibu mmoja. Neno ambalo watumiaji wamekwisha kulizoea, kama nota, rizimu na solo, tumeliacha lilivyo. Pale pasipo na neno tumetafuta katika kazi nyingine za wananchi, kama chomboni na shambani. Pale ambapo neno la kigeni lingegongana na la kwetu, tumelikataa. Hatudai kwamba kila pendekezo ni la mwisho. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, istilahi nyingi zimependekezwa, na zilizodumu ni zile ambazo wenye kazi zao walizikubali. Wapigaji wenyewe wana haki ya kusema kama taruma linawakaa vinywani, au wana neno zuri zaidi ambalo sisi hatujalisikia.

Tunawaomba basi waseme, na waseme mapema. Wapiga solo waliozijenga bendi zetu, wengi wao wametutoka, na elimu iliyokuwa vidoleni mwao imeondoka nao, kwa kuwa ilifundishwa kwa kutazama tu. Waliobaki bado wanaweza kuulizwa: hapa ulipopita, wewe mwenyewe hupaitaje? Jibu la swali hilo likiandikwa, kijana wa Tingi hatahitaji kuhamia mjini ili awe mwanafunzi wao.